Umeme wa haidrojeni Ulaya: nani analipa, nani anavuna?

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo mara nyingi hupita katika taarifa za habari bila kufafanuliwa. Utasikia kwamba Umoja wa Ulaya umetenga mamilioni ya yuro kwa utafiti wa seli za mafuta na haidrojeni, au kwamba mji fulani umezindua mabasi yanayotoa mvuke wa maji badala ya moshi. Baada ya hapo msomaji wa taarifa anahamia kwenye matokeo ya mpira. Wengi wameniuliza: hizo seli ni kitu gani? Na kama ni nzuri kama tunavyoambiwa, mbona hazijajaa barabarani hata huko huko Ulaya?

Nitajaribu kuyajibu maswali hayo mawili. La kwanza ni la kisayansi, na jibu lake ni jepesi kuliko linavyoonekana. La pili ni la fedha na siasa, na hilo linatuhusu hata sisi tulio mbali, kwa sababu ambazo nitazieleza mbele.

Mafuta yasiyo mafuta

Tuanze na jina. Neno mafuta hapa lisikupoteze. Ndani ya seli hii hamna petroli wala dizeli, na wala hakuna kitu kinachowashwa moto. Ni kifaa kinachofanana zaidi na betri. Tofauti ni kwamba betri ina akiba yake ndani; akiba ikiisha, betri inatupwa au inachajiwa. Seli ya mafuta haina akiba. Inalishwa kutoka nje, upande mmoja gesi ya haidrojeni, upande wa pili hewa yenye oksijeni. Maadamu inalishwa, inatoa umeme.

Kinachotendeka katika aina inayotumika kwenye magari ni hiki. Katikati ya seli pana utando mwembamba wa plastiki maalumu. Haidrojeni ikifika kwenye utando huo inakutana na chembechembe laini za madini ya platinamu, ambazo kazi yake ni kuitenga katika sehemu mbili: protoni na elektroni. Utando unaruhusu protoni zipite, lakini elektroni unazifungia mlango. Elektroni zinalazimika kuzunguka kwa njia ya waya ili zifike ng'ambo, na elektroni zinazopita katika waya si kitu kingine bali ni umeme. Njiani tunazifanyisha kazi: ziwashe taa, zizungushe mota ya basi. Zikifika upande wa pili zinaungana tena na protoni, pamoja na oksijeni ya hewani, na kinachopatikana ni maji. Kilo 1 ya haidrojeni huungana na kilo 8 za oksijeni na kutoa kilo 9 za maji. Hakuna moshi wala masizi.

Seli moja ikiwa kazini hutoa kiasi cha volti 0.7, yaani hata nusu ya betri moja ndogo ya redio haifiki. Kwa hiyo mafundi huzipanga seli kwa mamia, zikabanana kama vipande vya mkate wa boflo, na hapo ndipo hupatikana nguvu ya kusukuma basi lililojaa abiria.

Wazo lenyewe si geni hata kidogo. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba umeme ukipitishwa ndani ya maji huyapasua yakawa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1839 William Grove, mwanasheria na mwanasayansi kutoka Wales, alionyesha kwamba kinyume chake kinawezekana: unganisha gesi hizo mbili, upate umeme. Zaidi ya karne moja ikapita kabla ya mhandisi Mwingereza Francis Thomas Bacon kuonyesha, mwaka 1959, mtambo wa kilowati 5 wenye uwezo wa kufanya kazi ya maana. Wamarekani wakachukua haki za uvumbuzi wake, na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vikapata umeme kwa seli zilizotokana na kazi hiyo. Wanaanga walikunywa maji yaliyotoka humo humo.

Lakini safari hizo hizo zilionyesha udhaifu wake. Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka katika Apollo 13, seli zilikosa chakula na umeme wa chombo kikuu ukafa katika muda wa saa chache. Seli bila mlisho ni chuma tupu.

Nani atangulie?

Serikali inayopeleka watu mwezini haiulizi bei. Mwenye kampuni ya mabasi anauliza. Teknolojia hii iliposhushwa kutoka angani hadi barabarani ilikabiliwa na vikwazo vitatu. Kwanza, platinamu ni ghali. Pili, utando ulikuwa ukichakaa upesi. Tatu, na hili ndilo kubwa, haidrojeni haichimbwi kwa wingi kama mkaa wa mawe. Lazima itengenezwe, kisha igandamizwe. Katika matangi ya basi hukaa kwa mgandamizo wa kiasi cha mara 350 ya ule wa hewa tunayoivuta, wakati tairi la gari dogo halina zaidi ya mara mbili au tatu hivi.

Hapo ukazuka mvutano wa kuku na yai. Mtengeneza magari alisema hatengenezi mpaka vituo vya kujazia viwepo. Mwenye gesi alisema hajengi vituo mpaka magari yawepo. Halmashauri ya mji ilisema hainunui mpaka bei ishuke, na kiwanda kikajibu kwamba bei haishuki mpaka miji inunue. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyesogea.

Fedha za umma ndizo zilizouvunja mvutano huo. Mwaka 2003 mradi ulioitwa CUTE, kwa msaada wa Tume ya Ulaya, ulianza kupeleka mabasi 27 katika miji tisa: Amsterdam, Barcelona, Hamburg, London, Luxembourg, Madrid, Porto, Stockholm na Stuttgart. Kila mji ulipata mabasi matatu na kituo cha kujazia. Baadhi ya miji ilitengeneza haidrojeni kwa umeme pale pale kituoni, mingine iliitoa katika gesi asilia, mingine ililetewa kwa malori. Tofauti hizo zilikusudiwa, ili njia zilinganishwe.

Mwaka 2008 ushirikiano huo ukapewa chombo cha kudumu. Baraza la Umoja wa Ulaya lilianzisha shirika la ubia la seli za mafuta na haidrojeni, makao yake Brussels. Mezani pake palikuwa na viti vitatu: Tume ya Ulaya, makampuni ya viwanda, na vyuo vikuu pamoja na taasisi za utafiti. Bajeti ya awamu ya kwanza, hadi mwaka 2013, ilikuwa yuro milioni 940, nusu ikitoka katika mfuko wa umma na nusu kwa wabia wengine. Mwaka 2014 ilianza awamu ya pili, ambapo Umoja wa Ulaya uliahidi hadi yuro milioni 665. Mwishoni mwa mwaka 2021 chombo hicho kilirithiwa na Ubia wa Haidrojeni Safi, uliotengewa yuro bilioni 1 za umma hadi mwaka 2027, na wabia wakitakiwa kuweka kiasi kisichopungua hicho.

Utaratibu wake ni wa zabuni. Ubia unatangaza mada, makundi ya makampuni na vyuo kutoka nchi mbalimbali yanaleta maombi, na wataalamu wa nje wanayapa alama. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kampuni ikubali kukaa meza moja na mshindani wake. Sababu ni kwamba yapo mambo ambayo hakuna anayeweza kuyafanya peke yake: namna moja ya kupima uimara wa seli, kanuni za usalama, vituo ambavyo basi la kiwanda chochote linaweza kujaziwa. Hayo wanafanya pamoja. Bei na siri za kiwandani kila mtu anabaki nazo.

Lipo jambo moja ambalo mlipa kodi anapaswa kulijua. Sehemu kubwa ya mchango wa makampuni haikuwa fedha taslimu. Ilikuwa ni saa za wahandisi wao, vifaa vyao na maabara zao, vikahesabiwa kwa yuro. Mchango wa namna hiyo ni halali, lakini si sawa na noti zilizowekwa mezani.

Kilichopatikana

Je, fedha hizo zilizaa? Tutazame mabasi. Yale ya mwaka 2003 yalikula haidrojeni zaidi ya kilo 20 kwa kila kilomita 100. Katika mradi uliofuata, ulioitwa CHIC, ulioendeshwa kati ya mwaka 2010 na 2016 katika miji kama London, Oslo, Milan na Bolzano, mabasi ya ukubwa ule ule yalitumia kati ya kilo 8 na 10. Siri haikuwa katika seli peke yake. Waliongeza betri inayokusanya nguvu ambayo zamani ilipotea kila dereva alipofunga breki. Basi la kwanza liligharimu zaidi ya yuro milioni 1. Ulipoanza mradi wa JIVE mwaka 2017, wenye lengo la kuingiza karibu mabasi 300 pamoja na lile la awamu yake ya pili, sharti lilikuwa basi la kawaida lisizidi yuro 650,000. Bado ni ghali, lakini miji ilinunua kwa pamoja ili ipate bei hiyo.

Tutazame na uimara. Katika kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, seli za aina nyingine, zinazotumia kauri na kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 700, ziliwashwa mwaka 2007 na kuachwa zifanye kazi hadi mwaka 2019, jumla ya zaidi ya saa 100,000. Aidha, kati ya mwaka 2012 na 2017 mradi wa ene.field uliweka zaidi ya mitambo midogo 1,000 ya seli katika nyumba za watu katika nchi mbalimbali za Ulaya, mitambo inayotoa umeme na maji ya moto kwa pamoja.

Upande wa pili wa daftari

Sasa tugeukie swali la pili, maana anayesifia mvua asisahau matope.

Mji wa Montpellier, Ufaransa, ulikuwa umepanga kununua mabasi 51 ya haidrojeni. Januari 2022 ukaachana na mpango huo. Hesabu zao zilionyesha kwamba kuliendesha basi la haidrojeni kungegharimu senti 95 za yuro kwa kilomita, wakati basi la betri lingegharimu senti 15. Nchini Uingereza, kampuni ya Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo mwaka huo huo wa 2022. Katika jimbo la Lower Saxony, Ujerumani, treni ya kwanza duniani ya abiria inayotumia seli hizi ilianza kazi mwaka 2018 na kushangiliwa kila mahali. Miaka mitano baadaye mamlaka ya usafiri wa reli ya jimbo ilitangaza kwamba kwa njia zake nyingine itanunua treni za betri, kwa kuwa ni nafuu kuziendesha. Julai 2025 kampuni ya magari ya Stellantis ilisimamisha mpango wake wa haidrojeni. Karibu na Lyon kuna kiwanda kikubwa cha seli kilichofunguliwa mwishoni mwa 2023, ambacho mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa Stellantis huyo huyo. Fikiria hali ya mfanyakazi aliyeajiriwa hapo akiamini amepata kazi ya maisha.

Sababu ya msingi si uzembe wa wahandisi. Ni hesabu ya umeme. Chukua yuniti 100 za umeme kutoka kwenye mtambo wa upepo. Ukizitumia kupasua maji, ukaigandamiza haidrojeni, ukaisafirisha, kisha ukaigeuza tena kuwa umeme ndani ya basi, kwenye magurudumu zitafika kiasi cha yuniti 30. Ukizitia moja kwa moja katika betri, zitafika yuniti 70 au zaidi. Wakati miradi ya kwanza ilipoanza, betri zilikuwa ghali na nzito, kwa hiyo hoja hiyo haikuwa na nguvu. Tangu hapo bei ya betri imeporomoka. Seli za mafuta zilipiga hatua, lakini mshindani wake alipiga hatua kubwa zaidi.

Kuna na hili la usafi. Basi linatoa maji, ni kweli. Lakini haidrojeni inayotengenezwa Ulaya, kwa sehemu kubwa mno, hutokana na gesi asilia, na kuitengeneza kwa njia hiyo hutoa hewa ya kaboni. Moshi haukuondoka, ulihamishwa kutoka kwenye bomba la basi kwenda kwenye bomba la kiwanda. Haidrojeni safi kweli ni ile ya umeme wa upepo, jua au maji, nayo ni chache na ni ghali. Mwaka 2022 viongozi wa Ulaya walitangaza kwamba ifikapo mwaka 2030 watazalisha tani milioni 10 za haidrojeni ya namna hiyo na kuagiza tani milioni 10 nyingine. Julai 2024 Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu ya Ulaya ikasema waziwazi kwamba malengo hayo hayaelekei kufikiwa, na kwamba yaliwekwa kwa utashi wa kisiasa kuliko kwa uchambuzi makini.

Maoni yangu

Mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi, lakini naona tusikimbilie kusema kwamba fedha zote zilitupwa baharini. Miradi ilifanywa hadharani, abiria wakapanda, matokeo yakachapishwa, mabaya kwa mazuri. Bila majaribio hayo Montpellier ingefanya hesabu yake kwa kitu gani? Mji ulioweza kukataa ulikataa kwa sababu miji mingine ilikuwa imetangulia kupima. Zaidi ya hayo, mtambo wa kupasua maji ni seli ya mafuta iliyogeuzwa kinyume. Maarifa ya utando na vichocheo yaliyotafutwa kwa ajili ya mabasi yanatumika sasa katika mitambo hiyo, ambayo inahitajika kutengeneza chuma cha pua na mbolea bila gesi asilia. Huko betri haiwezi kuchukua nafasi ya haidrojeni.

Ninachokitilia shaka ni kile kiti cha viwanda. Katika ubia huu anayepewa ruzuku ndiye pia anayesaidia kupanga ni mada zipi zitolewe ruzuku. Makampuni yanayouza gesi yamo miongoni mwa wanachama wake. Sisemi wameiba, nasema mpishi hawezi kuwa ndiye pekee wa kuonja mchuzi. Kama swali lingeulizwa mapema na mtu asiye na hisa, pengine mabasi na magari madogo yangeachiwa betri mapema, na fedha zikaelekezwa kwenye chuma na mbolea miaka kumi kabla.

Sasa kwa nini hili litushughulishe? Kwanza, takriban asilimia 70 ya platinamu inayochimbwa duniani hutoka Afrika Kusini. Kiasi kikubwa cha madini ya kundi hilo hutumika katika vifaa vya kusafisha moshi wa magari ya petroli na dizeli, na betri ikishinda, soko hilo litapungua. Seli za mafuta zikishinda, madini hayo yatapata mnunuzi mpya. Lakini sehemu ya utafiti wa Ulaya ina lengo la kupunguza gramu za platinamu katika kila seli. Mchimbaji wa Rustenburg ana maslahi katika maabara ambayo hajawahi kuiona wala kuulizwa.

Pili, mwezi Septemba 2023 Kenya ilizindua jijini Nairobi mkakati wake wa haidrojeni safi, Umoja wa Ulaya ukiwa mbia, na mbolea ikiwa miongoni mwa mambo ya mbele. Sioni ubaya katika hilo. Nchi inayoagiza mbolea kwa fedha za kigeni, huku ikiwa na joto la ardhini la kuzalisha umeme, ina haki ya kufanya hesabu zake. Ninachoomba ni kwamba tukikaribishwa katika meza za namna hii tujifunze kwa Ulaya yenyewe, katika ilichopata na ilichokosa. Tuulize mchango wa kila mbia ni fedha taslimu au ni hesabu za karatasini. Tuulize matokeo ya majaribio yatakuwa mali ya nani, na kama wahandisi wetu watakuwa ndani ya maabara au nje ya uzio. Tuulize pia haidrojeni itakayotoka itaanza kwa mkulima wetu au itapakiwa melini kwanza.

Wenzetu walitumia zaidi ya miaka ishirini na fedha nyingi za walipa kodi kujua ni wapi teknolojia hii inafaa na ni wapi haifai. Majibu hayo yamechapishwa, na kuyasoma hakuna gharama. Itakuwa ni aibu tukiuziwa kwa bei kubwa basi ambalo wenyewe wamekwisha kulikataa.